Kijiji cha Bi Marple: Hadithi za Upelelezi kama Shahidi wa Historia

Mwalimu wa historia akiulizwa ni vitabu gani vinavyoeleza maisha ya Uingereza baina ya mwaka 1930 na mwaka 1970, ni nadra atataje hadithi za upelelezi. Hizo huhesabiwa kuwa vitabu vya safarini: mtu husoma kupitisha wakati, na akishajua muuaji ni nani humpa mwenzake kitabu au hukisahau kwenye basi. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba mfululizo mmoja wa hadithi hizo, ule wa Bi Jane Marple wa kijiji cha St. Mary Mead, ukisomwa kwa kufuata miaka vitabu vilivyotoka, ni shahidi wa historia asiyefaa kupuuzwa. Tena ni shahidi anayejibu swali linalotuhusu sisi tunaokutana kukumbuka zamani: je, ni kweli kwamba zamani watu walijuana, na kwa kujuana huko wakaishi kwa usalama zaidi?

Wale ambao bado hawajavisoma vitabu hivi wasiwe na hofu. Hapa hatatajwa muuaji hata mmoja.

Mwandishi wake, Agatha Christie, alizaliwa katika mji wa Torquay mwaka 1890, akafariki Januari 1976. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi hospitalini, kwanza kama muuguzi na kisha katika chumba cha dawa, na huko ndiko alikojifunza habari za sumu. Bi Marple alionekana kwa mara ya kwanza katika hadithi fupi iliyotoka gazetini Desemba 1927. Riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilichapishwa mwaka 1930, na ya mwisho, Sleeping Murder, ilitoka mwaka 1976 baada ya mwandishi kufariki, ingawa alikuwa ameiandika miaka mingi nyuma. Kwa jumla zipo riwaya 12 na hadithi fupi 20. Ni kazi iliyochukua karibu nusu karne.

Bi Marple ni bibi ambaye hakuolewa, ana mvi, anapenda bustani yake na daima ana sufu mkononi akifuma. Tangu kitabu cha kwanza ni mzee tayari. Christie mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa kumzaa mtu huyu akiwa na umri wa miaka 65 au 70, kwa maana hakujua kwamba angeishi naye muda mrefu namna ile. Kwa hiyo tusimpigie hesabu ya umri. Bibi anazeeka polepole sana. Kinachobadilika upesi ni kijiji chake, na hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kutazama.

Yafaa kwanza tueleze maana ya kijiji hapa. St. Mary Mead ni mahali pa kubuniwa, lakini pameundwa kwa mfano wa vijiji vingi vya kusini mwa Uingereza. Pana kanisa na nyumba ya kasisi, baa moja, maduka machache, daktari, wajane na mabibi wasioolewa wanaoishi kwa mapato madogo ya urithi, na nyumba kubwa za wenye mali kama ile ya Gossington Hall ya Kanali Bantry. Si riwaya zote 12 zinazosimuliwa hapo. Ni tatu tu ambazo kijiji hiki ndicho uwanja wake hasa: ya 1930 tuliyokwisha kuitaja, The Body in the Library ya 1942, na The Mirror Crack'd from Side to Side ya 1962. Nyingine zinatupeleka katika vijiji jirani, katika miji, na hata ng'ambo. Lakini popote bibi huyu aendapo, St. Mary Mead ndiyo mizani yake.

Wapelelezi wengi wa vitabuni hutumia alama za vidole, majivu ya sigara na ratiba za treni. Bi Marple hutumia kumbukumbu za majirani. Katika ile hadithi ya 1927, wageni wanapotakiwa kusimulia mambo ya ajabu waliyoyaona, yeye anatoa kisa cha jirani aliyenunua uduvi, akapitia maduka mengine mawili, na alipofika nyumbani uduvi haukuwamo. Wenzake wanacheka. Baadaye mkuu mstaafu wa polisi anasimulia kifo cha mwanamke aliyekula sumu, na ni yule bibi wa uduvi anayelifumbua fumbo, kwa kuwa mambo yale yamemkumbusha mwanamume mmoja wa kijijini. Katika kitabu kingine anafikia ukweli kwa kumkumbuka mtoto mtundu aliyeficha chura ndani ya saa ya mwalimu. Mpwa wake, ambaye ni mwandishi wa mjini, anakifananisha kijiji na dimbwi la maji yaliyotuama. Bi Marple anamjibu kwa upole kwamba tone la maji kama hayo, likitazamwa kwa hadubini, hujaa uhai kuliko kitu kingine chochote.

Njia hii ya upelelezi inategemea jambo moja: kwamba unawajua watu, na wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao. Mwaka 1930 jambo hilo lilikuwapo. Kasisi Clement, ambaye ndiye msimulizi wa kitabu cha kwanza, hawezi kutoka nje ya lango lake bila mabibi wa jirani kujua alikokwenda, kwa saa ngapi, na alikutana na nani. Lakini hata katika kitabu hicho cha mwanzo dalili za mabadiliko zipo. Mtumishi wa kasisi, Mary, hajui kupika na hana adabu. Mke wa kasisi anaeleza sababu ya kutomfundisha: maadamu Mary ni mbaya namna ile, hakuna mtu atakayewashawishi ahamie kwake. Mzaha huu una historia ndani yake. Hesabu ya watu ya 1931 ilionyesha kwamba bado kulikuwa na wanawake zaidi ya milioni moja katika utumishi wa nyumbani, lakini wasichana walikuwa wameanza kupendelea viwanda, maduka na maofisi, ambako mtu hupumzika jioni na hakuna anayempigia kengele.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Kitabu kinachoonyesha matokeo yake vizuri zaidi ni A Murder is Announced cha mwaka 1950, kinachosimulia kijiji kiitwacho Chipping Cleghorn. Ijumaa moja asubuhi, wenyeji wanakuta katika gazeti lao tangazo kwamba mauaji yatafanyika jioni ile katika nyumba fulani, na kwamba marafiki wanaalikwa. Wanadhani ni mchezo, wanakwenda, na taa zinazimika.

Tuliache fumbo, tutazame vyakula. Uingereza ya mwaka ule bado iliishi kwa mgao ulioanza Januari 1940, nao haukumalizika kabisa mpaka Julai 1954. Katika kitabu hiki majirani wanabadilishana mayai, siagi na nyama kinyume cha sheria, na kila mmoja anajua nani ana nini. Mlango wa nyuma haufungwi ili mwenye kuleta apate kuingia. Kwa hiyo polisi anapouliza nani angeweza kuingia nyumbani mchana, jibu ni kwamba yeyote angeweza, lakini hakuna anayependa kusema kwa nini. Mtu anayetaka kufahamu jinsi mgao ulivyowafanya watu waheshimiwa kuwa wavunjaji wa sheria ndogo ndogo atajifunza mengi katika kurasa hizi.

Jambo kubwa zaidi ni lile analomwambia Bi Marple Inspekta Craddock. Zamani, anasema, mgeni akihamia kijijini alikuja na barua kutoka kwa mtu anayejulikana, au alikuwa amewahi kutumikia kikosi kimoja na mwenyeji fulani. Baada ya vita watu wamekuja kutoka kila upande, wamenunua nyumba, na unachokijua juu yao ni kile tu walichokueleza wenyewe. Inspekta naye anatafakari kwamba kila mtu ana kitambulisho chenye nambari, lakini hakina picha wala alama za vidole. Vitambulisho hivyo vilitolewa tangu mwaka 1939 na vikafutwa Februari 1952. Hapa riwaya inatuonyesha jambo ambalo hati za serikali hazilisemi waziwazi: dola ilikuwa imewaandika watu wote, na wakati huohuo majirani walikuwa wamepoteza habari za jirani zao. Karatasi ilichukua nafasi ya kumbukumbu, nayo karatasi hudanganya kwa urahisi.

Vitabu viwili vilivyofuata vinarudi kwenye suala la watumishi. A Pocket Full of Rye cha 1953 kina msichana aitwaye Gladys, aliyelelewa katika nyumba ya yatima na kufundishwa kazi na Bi Marple mwenyewe. Gladys anauawa, na muuaji anambana pua kwa kibanio cha nguo. Katika nyumba ile ya matajiri wamekufa watu wengine wakubwa kuliko yeye, lakini kinachomfanya bibi apande treni na kuja ni kile kibanio. Anaona kwamba kumdhihaki maiti maskini ni uovu juu ya uovu. Miaka minne baadaye, katika 4.50 from Paddington, tunamkuta Lucy Eyelesbarrow, msichana aliyepata daraja la kwanza la hisabati Oxford, ambaye amechagua kufanya kazi za nyumbani kwa sababu watumishi wameadimika na malipo ni makubwa. Baina ya Mary wa 1930, Gladys wa 1953 na Lucy wa 1957, mwanafunzi ana mstari mzima wa historia ya kazi na tabaka.

Mwaka 1962 kijiji chenyewe kinaonekana upya. Baada ya vita serikali ilijenga na kusimamia ujenzi wa nyumba nyingi, na sheria ya 1946 iliruhusu hata miji mipya kuanzishwa. St. Mary Mead nayo imepata mtaa mpya, ambao wenyeji wanauita kwa jina moja tu, "Development". Mahali palipokuwa na duka la vikapu pamejengwa supamaketi inayometameta. Gossington Hall imenunuliwa na mwigizaji wa sinema. Bi Marple hana tena mtumishi wa kulala nyumbani; anasaidiwa kazi na Cherry, mke kijana anayetoka katika ule mtaa mpya.

Mtu angetegemea bibi huyu alaani mambo yote hayo. Halaani. Anajiambia kwamba mtu anaweza kuilaumu vita, au vijana, au wanawake wanaokwenda kazini, au bomu la atomu, au serikali, lakini ukweli ni kwamba mtu anazeeka. Kisha anafanya jambo la maana: anamtoroka mwangalizi wake, anavaa viatu, anakwenda kuutembelea mtaa mpya kwa miguu yake. Nyumba ni ngeni na majina ya njia ni mageni, lakini nyuso si ngeni. Msichana huyu ni kama fulani, kijana yule ni kama fulani. Anaanguka njiani, na anayemwinua na kumpa chai ni mama wa mtaa huohuo. Kwa hiyo njia yake ya upelelezi haikufa. Ilimlazimu tu kwenda kuwafahamu watu upya badala ya kungoja waje kwake na barua.

Katika At Bertram's Hotel cha 1965 fundisho hilo linawekwa wazi zaidi. Bi Marple anakaa katika hoteli ya London ambamo kila kitu kiko kama alivyokiona utotoni: chai, mikate, wahudumu, hata wageni. Mwanzoni anafurahi. Halafu anaanza kushuku, kwa kuwa hakuna mahali panapoweza kubaki vilevile bila mtu kugharimia pabaki hivyo, na kwa sababu yake. Uzamani ule umetengenezwa. Anaondoka na hakika kwamba maisha huenda mbele tu, na anayetaka kurudi nyuma ni rahisi kudanganywa.

Sasa tuupime ushahidi wenyewe, maana shahidi huulizwa maswali. La kwanza: nani hasikiki? Wafanyakazi wa mashambani, waliokuwapo katika kila kijiji cha Uingereza, hawana sauti katika vitabu hivi. Wakimbizi wanasikika kwa dhihaka: Mitzi, mpishi wa Chipping Cleghorn aliyeikimbia Ulaya ya vita, anafanywa kichekesho ingawa ndugu zake wameuawa. Hilo ni doa, na lafaa kuonwa kuwa doa.

La pili: watu hawa waliishi kwa fedha gani? Hapo tunaikuta historia inayotugusa. Vijiji hivi vimejaa makanali na mameja waliotumikia makoloni. Kanali Easterbrook wa 1950 ametoka India, iliyopata uhuru 1947. Kitabu cha A Caribbean Mystery, kilichotoka 1964, kinaanza na Meja Palgrave akimsimulia Bi Marple habari za Kenya, naye bibi akiitikia kwa adabu huku mawazo yake yako kwingine. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Katika kitabu, Kenya hiyo ni masimulizi ya mzee tu, na Mkenya mwenyewe hayumo. Lakini tazama yaliyofuata. Meja anakufa, na bibi anajilaumu kwa kutosikiliza, kwa sababu katika maneno yale ya kuchosha ndimo siri ilimokuwa. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulichukua funzo hilo na kulipeleka mbali kuliko mwandishi alivyokusudia.

La tatu ndilo lile swali tuliloanza nalo. Je, kujuana kuliwalinda watu? Vitabu vinajibu kwamba hakukuwalinda. Kanali Protheroe aliuawa mwaka 1930, kabla ya vita, kabla ya mtaa mpya, katika chumba cha kasisi, kijijini ambako kila mtu alimjua kila mtu. Sherlock Holmes naye, katika hadithi ya 1892, alimwambia mwenzake kwamba mashamba yenye kupendeza huficha maovu kuliko vichochoro vya London. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi: kikulacho ki nguoni mwako. Kujuana kulisaidia kumgundua mhalifu, lakini hakukumzuia. Anayesema kwamba ubaya uliletwa na wageni hakuvisoma vitabu hivi mpaka mwisho.

Ndiyo maana yafaa kuvisoma vitabu vyenyewe, wala si kutosheka na sinema. Televisheni ya BBC iliziigiza riwaya zote 12 kati ya 1984 na 1992, Joan Hickson akiwa Bi Marple, na kazi ilikuwa nzuri. Lakini michezo ile hukiacha kijiji karibu wakati wote katika zama moja, chenye maua na magari ya kizamani. Vitabuni miaka inakwenda, na kwenda huko kwa miaka ndiyo habari yenyewe.

Kiswahili nacho kina mfululizo wake wa kupimwa kwa njia hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, aliendelea katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976 na Kosa la Bwana Msa 1984. Wachambuzi wameona kwake alama za Sherlock Holmes, lakini yeye naye, kama Bi Marple, si polisi wala halipwi, na silaha yake ni kuzijua nasaba na siri za watu wa mahali pake. Ninyi mlio madarasani, visomeni vitabu hivyo saba kwa kufuata miaka. Ulizeni watu wanakula nini, nani anamtumikia nani, nani anasema na nani ananyamazishwa. Ulizeni kama Mapinduzi ya 1964 yanaonekana ndani yake, na kama hayaonekani, kwa nini. Mtakuwa mmefanya kazi ya mwanahistoria.

Na sisi tuliomaliza tuna wajibu wetu. Kila tunapokutana, maneno "enzi zetu" hayakosekani. Si maneno mabaya, lakini hayamsaidii mtu ajaye kama hayakufuatwa na mambo yenyewe. Tuandike bei ya daftari, chakula cha Jumapili, jina la kazi aliyoifanya mpishi na saa aliyoamka kuifanya, adhabu tulizopewa na zile tulizowapa wadogo zetu. Tuandike na yale tusiyojivunia. Christie hakukusudia kuandika historia, akaiandika kwa sababu alitaja duka la vikapu kabla halijabomolewa, na supamaketi lilipojengwa. Nasi tukiyataja ya kwetu kwa uaminifu wa namna hiyo, watakaotusoma miaka 50 ijayo watatujua tulivyokuwa, na si tulivyopenda kukumbukwa.